Mvua Haisubiri Dokezo

Wenzangu wa asasi ndogo hapa Dodoma huniuliza tulipataje ruzuku ya utafiti kutoka mfuko wa serikali. Huwa nawajibu kwamba kuipata kulitutoa jasho, sikatai, lakini kilichotuumiza hasa ni kuitumia kabla mvua haijakatika.

Mimi si mtafiti. Nasimamia asasi ya mazingira wilayani Chamwino, na kazi yetu kubwa ni kisiki hai. Mkulima haung'oi mti uliokatwa zamani ukachipua tena shambani. Anachagua machipukizi mawili matatu yenye afya, anapogolea mengine, anafunga kitambaa ili watu wajue mti huo una mwenyewe, kisha anautunza. Baada ya misimu kadhaa shamba lililokuwa jeupe linakuwa na kivuli. Wakulima wetu wanaapa kwamba udongo chini ya miti hiyo hushika maji kuliko kwa jirani. Mimi pia naamini hivyo, ila mfuko hautoi fedha kwa kuamini.

Tuliingia kwenye utafiti kwa mlango wa uani. Mhadhiri mmoja wa chuo cha umma, nitamwita Dokta tu kwa sababu ndivyo ninavyomwita hata kwenye simu, aliona wito wa maandiko, yaani maombi ya fedha za utafiti, uliotaka ushirika wa pande tatu: chuo, taasisi ya utafiti ya serikali, na asasi inayofanya kazi na wananchi. Pande mbili alikuwa nazo. Alinipigia Ijumaa jioni, na mwisho wa kupokea maandiko ulikuwa Jumatatu.

"Mama, naomba barua ya kukubali ushirika, yenye mhuri. Mengine nitajaza mwenyewe."

Akajaza kweli. Andiko lilihusu athari za mabadiliko ya tabianchi kwa jamii za kanda ya kati, yaani lilihusu kila kitu kuanzia ng'ombe hadi ndoa. Lilikataliwa. Maoni ya wapitiaji yalikuwa mafupi, na la maana kati yake lilisema kwamba andiko lina malengo mengi na halina swali. Siku ile niliona wametuonea. Leo nikipewa andiko la mtu nilipitie, jambo la kwanza ninalotafuta ni hilo swali.

Kwa asiyejua pa kuanzia, milango ya serikali ni michache, lakini ipo. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, inasimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, ule unaoitwa MTUSATE. Wito wake hubeba vipaumbele vya taifa vya wakati huo, kwa hiyo soma vipaumbele kabla hujaandika neno. Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, haufadhili upandaji miti peke yake kama wengi wanavyodhani. Utafiti wenye matumizi ya moja kwa moja nao umo kwenye maeneo yake. NEMC, baraza la taifa la mazingira, imeidhinishwa kupitisha fedha za Adaptation Fund, mfuko wa kimataifa wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na wilaya ya Kongwa wamewahi kupata mradi kwa njia hiyo. Huo ni mradi wa kuhimili ukame, si wa utafiti, ila nyaraka zake ni darasa zuri kwa anayetaka kuona bajeti iliyokubalika inafananaje. Halafu kuna serikali za nje. Hizo nitazifikia.

Aliyetupatia swali, kwa namna fulani, ni Makutupora.

Kila mtu Dodoma anajua visima vya Makutupora kwa sababu ndivyo vilivyoulea mji huu. Wachache wanajua kwamba kina cha maji pale kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Walichokiona ni kwamba maji ya chini hayapandi kila mwaka mvua inaponyesha. Yanapanda kwa kishindo katika miaka michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na miaka mingine mingi yanashuka tu. Dokta aliponieleza hayo nilikaa kimya. Mradi wa miaka mitatu unaweza kuanza na kwisha bila kuona hata tone moja likiongezeka kule chini. Na yule mtumishi aliyekuwa akienda kisimani na kamba yake ya kupimia, akaandika namba kwenye daftari bila kujua zitamfaa nani, amewafaidia watafiti kuliko semina nyingi nilizowahi kukaa.

Basi tukaacha kuahidi kwamba tutaonyesha kisiki hai kinajaza visima. Tukapunguza mpaka tukabaki na hiki: je, maji ya mvua yanazama kwa kasi zaidi kwenye shamba lenye miti ya kisiki hai ya miaka mitano kuliko kwenye shamba jirani lisilo na miti, udongo ukiwa wa aina moja? Swali dogo, linapimika, na linamhusu mkulima pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kwa pamoja. Andiko la pili lilipita.

Sasa ugomvi wa bajeti. Dokta alinitumia jedwali usiku, nikalifungua kwenye simu. Asasi yetu ilikuwa na mstari mmoja: uhamasishaji wa jamii. Asubuhi nikampigia.

"Dokta, vipima mvua vitasomwa na nani?"

"Wanafunzi."

"Kila siku saa tatu asubuhi? Na chuo kikifungwa?"

Akacheka, halafu akanyamaza. "Sasa Mama unapendekeza nini?"

Nilipendekeza vijana wa vijijini wafundishwe kusoma na kuandika vipimo na walipwe kwa mwezi, jina la kazi yao likiwa wakusanya takwimu, si wahamasishwa. Nikaomba na sehemu ya pango la ofisi yetu, umeme, na mshahara nusu wa mhasibu. Hilo la mwisho lilimshangaza. Alikuwa mtu mwema, wala hakuwa na nia ya kutudhulumu. Tatizo ni kwamba kwenye vyuo gharama hizo zinakatwa juu kwa juu, kwa hiyo mhadhiri hazioni. Asasi ndogo ikiona aibu kuzitaja, inafanya kazi ya serikali kwa mfuko wake. Nakushauri uzitaje kabla ya saini. Baada ya saini kila badiliko linahitaji barua, na kila barua inahitaji dokezo, yaani maelezo ya kuidhinisha yanayoandikwa kwenye faili, la mtu fulani ambaye yuko safarini.

Jambo jingine la kupatana mapema ni fedha zikae wapi. Masharti yalitaka ziingie kwa taasisi ya umma. Sawa. Lakini taasisi ya umma hununua kwa mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambao tangu Oktoba 2023 ndio mlango wa manunuzi ya umma, na watumishi wake huchukua masurufu, yaani fedha za kazi za kutangulizwa, ambayo hayatoki mpaka ya nyuma yarejeshwe. Sina ugomvi na mfumo; umeziba mianya mingi. Ninachosema ni kwamba vitu vidogo vya uwandani, kamba, ndoo, madaftari, nauli za bodaboda, viwekwe kwenye mkataba mdogo kati ya chuo na asasi, vinginevyo mtakesha mkisubiri ndoo. Na mkataba wenu na mfadhili ukizidi Sh milioni 20, kumbuka kanuni za mwaka 2018 zinazotaka asasi iuwasilishe Hazina na kwa Msajili wa NGOs ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Nimeona asasi nzuri ikiingia matatani kwa hilo tu, na wakubwa wa chuo hawakumkumbusha mtu, maana kanuni hizo haziwahusu wao.

Barua za vibali nazieleza haraka kwa kuwa njia yake haina ujanja. Chuo kinaandika kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaandika kwa wilaya na halmashauri, halmashauri kwa kata, kata kwa kijiji. Kila ngazi ina mhuri wake. Mkiwa na mtafiti mgeni, yeye lazima awe na kibali cha COSTECH mkononi kabla hajagusa udongo, na kazi ikihusu wanyamapori kuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Kama mnahoji kaya na kuchukua majina na alama za jipiesi za mashamba, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andikeni mapema nani atahifadhi orodha hiyo na ataifuta lini.

Mihuri ikakamilika, tukaenda mkutano wa kijiji, na hapo ndipo mihuri yote ilipoonekana si kitu. Tulisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", tukaitikiwa vizuri, Dokta akaeleza mradi kwa ufasaha. Mzee mmoja aliyehamia kutoka Kondoa akasimama, akamtazama Dokta, akauliza:

"Mwanangu, mkishapima, ng'ombe wanaondoka lini?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Asiyejua historia ataona ni swali la ajabu. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Ardhi ilirudisha majani, makorongo yakatulia, wataalamu wakaja kutoka nchi mbalimbali kuangalia mafanikio. Aliyeswaga ng'ombe wake kutoka nje ya eneo lile ana kumbukumbu nyingine. Kwake yeye, watu wanaokuja na vipimo wakiongelea udongo ni utangulizi wa amri.

Dokta alianza kujibu kwa kueleza tofauti ya utafiti na sera. Nikamgusa mkono. Nikasema, "Babu, swali lako liandikwe kwenye muhtasari, na jibu letu liandikwe chini yake." Tukakubaliana mambo matatu mbele ya mkutano: matokeo yatasomwa kijijini kabla ya kupelekwa kwa mfadhili, ripoti haitapendekeza kufunga malisho bila mkutano mkuu wa kijiji kujadili, na shamba la mtu litaacha kupimwa siku yoyote atakayosema basi. Mtendaji akaandika, mwenyekiti akasaini. Ule muhtasari ulitusaidia kuliko kibali chochote, na ulipunguza haraka ya baadhi yetu, mimi nikiwemo, ya kuandika mapendekezo makubwa.

Halafu fedha. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Mvua ya Dodoma ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600. Ukiziweka kalenda hizo mbili pamoja utaona hatari bila kufundishwa: mkataba ukisainiwa Septemba, fedha zikafika akaunti ya taasisi Desemba, zabuni ya vifaa ikatangazwa Januari, basi vifaa vinakuta wakulima wanapalilia kwa mara ya mwisho. Kwetu vilifika mvua zinakatika. Vipima unyevu vya udongo, vipya kabisa, kwenye maboksi, na ardhi imeanza kupasuka. Nilikasirika mpaka nikaacha kupokea simu za Dokta kwa wiki hivi, jambo ambalo halikumsaidia mtu. Yeye naye alikuwa akizunguka ofisi hadi ofisi akiomba faili lake litafutwe. Hakuna aliyekataa kitu. Kila mtu alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na kanuni nyuma yake.

Kilichouokoa msimu ule ni vitu vya bei ndogo. Asasi ilikuwa imenunua vipima mvua vya plastiki kwa akiba yake, na vijana walikuwa wameshaanza kusoma tangu mvua ya kwanza. Kwa kipimo cha kuzama kwa maji, fundi wa kuchomelea pale mjini alitukatia pete za chuma kutoka kwenye bomba pana, kubwa na ndogo. Unazipigilia ardhini moja ndani ya nyingine, unajaza maji zote mbili, kisha unapima maji ya pete ya ndani yanashuka kwa kasi gani. Ya nje yapo kuzuia maji ya ndani yasikimbilie pembeni. Tulipima kiangazi, maji yakibebwa kwa punda. Dokta alisisitiza jambo ambalo mgeni angelipuuza: udongo mkavu hunywa kwa pupa mwanzoni, kwa hiyo lazima uendelee kumimina mpaka kasi itulie, na ripoti iseme wazi kwamba hivi ni vipimo vya kiangazi. Wapitiaji hawakuchukia. Walichotaka ni ukweli wa hali ya uwandani, nao waliukuta umeandikwa. Tuliomba pia data za mvua za nyuma kutoka TMA, mamlaka ya hali ya hewa. Zina bei, na hatukuwa tumeiweka kwenye bajeti, basi ikatoka kwenye fungu la vitafunwa vya mikutano. Sijui nani alikosa soda kwa ajili ya mvua ya mwaka gani.

Marejesho, yaani kuthibitisha fedha zilivyotumika, ndiyo yaliyogusa nyumba yangu. Mhasibu wa mradi anataka risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mama anayetuuzia madumu ya maji hana EFD, mwenye punda hana EFD, na wala hawatakuwa nayo. Kwa muda mrefu nililipa kutoka mfukoni nikiamini nitarudishiwa, na wakati huo ada za watoto zilikuwa zikidaiwa. Mume wangu aliniuliza kwa upole kama mradi huu ni wa serikali au wa kwetu. Kilichotatua ni fomu rahisi ya malipo madogo: jina, kazi iliyofanyika, kiasi, namba ya simu, saini au dole gumba, na mtendaji wa kijiji kuthibitisha. Mhasibu aliikubali mara moja. Angeikubali tangu mwanzo kama tungemuuliza, kwa hiyo kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, kaa na mhasibu, mwambie utanunua nini na kwa nani, akupe fomu zake. Mchukulie kama mtafiti mwenza.

Sasa hizo serikali za nje. Katikati ya mradi, chuo kimoja cha Marekani kilitaka tuwe wabia wadogo katika ombi la fedha za serikali yao. Tukaambiwa tunahitaji namba ya UEI, ya kuitambulisha taasisi kwa serikali hiyo, ambayo tangu Aprili 2022 ilichukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS. Mjini akatokea mtu wa kutusaidia kwa malipo. Msimlipe mtu. Namba hiyo inatolewa bure kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani, na mbia mdogo anayepokea fedha kupitia taasisi nyingine anahitaji namba tu, si usajili kamili wenye mlolongo mrefu na msimbo mwingine wa utambulisho uitwao NCAGE. Kinachokwamisha watu wengi ni jina na anwani: cheti cha usajili kinasema hivi, taarifa ya benki inasema vile, na sanduku la posta limeandikwa Dodoma kwenye moja na Chamwino kwenye nyingine. Linganisheni nyaraka zenu kabla ya kuanza. Na kuhusu gharama za uendeshaji, kanuni zao tangu Oktoba 2024 zinamruhusu mpokeaji asiye na kiwango alichokubaliana na serikali hiyo kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja, baada ya vipengele fulani kuondolewa. Awali ilikuwa 10. Mbia mkubwa anaweza asikutajie.

Yote hayo tulijifunza, na hatukupata hata senti. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na wenzetu wa kule wakatuandikia barua pepe ya huzuni. Namba ya UEI tunayo bado. Sijutii muda ule, maana nyaraka tulizozipanga ndizo tulizotumia kwingine, lakini ilinifanya nizithamini zaidi fedha za ndani, pamoja na madokezo yake. Zinachelewa, ila siku moja zinafika, na aliyezichelewesha unaweza kumfuata ofisini ukamsalimia.

Matokeo tuliyasoma kijijini kabla ya kuyapeleka, kama muhtasari ulivyosema. Kwenye mashamba mengi tuliyopima, maji yalizama haraka zaidi penye miti. Kwenye machache hayakutofautiana, na wenye mashamba hayo walitueleza sababu kabla Dokta hajaitafuta: ng'ombe hulala pale wakati wa kiangazi, udongo umeshindiliwa. Yule mzee wa Kondoa alisikiliza mpaka mwisho akauliza kama namba hizo atapewa nakala. Tukampa.

Andiko jipya tunaliandika sasa. Mwaka wa kwanza wote tumeuacha kwa mkataba, manunuzi na kufundisha wasomaji wa vipimo. Vipimo vikubwa vinaanza Desemba ya mwaka wa pili, na tunaomba miaka mitatu ili tupate misimu miwili kamili. Wito unasema miaka miwili. Dokta anataka tubane ratiba tuingie humo humo. Mimi nimekataa kuweka saini, na mhasibu, safari hii, yuko upande wangu.